Alexander Fleming na Siri ya Ute

Kila aliyewahi kumshika kambale au kamongo aliye hai anaujua ute unaomfunika samaki huyo tangu kichwani hadi mkiani. Mvuvi huulaumu kwa kuwa humponyoshea samaki mkononi, na mpishi huuparuza na kuuosha kabla ya kuinjika chungu. Lakini kwa samaki mwenyewe ute huo ni ngao na silaha kwa pamoja. Yeye huishi katika maji yaliyojaa vijidudu vya kila namna, wala hana ngozi kavu kama yetu ya kumkinga. Chembe maalumu za ngozi yake hutoa ute mchana na usiku. Vijidudu hunasa humo, na ute wa zamani huchukuliwa na maji huku mpya ukishika nafasi yake. Zaidi ya kunasa, ute huo huua. Miongoni mwa vitu viuavyo vilivyomo ni kimeng'enya kiitwacho lisozimi.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu aliyekitambua kimeng'enya hicho kabla ya wengine wote. Dunia inamjua kwa sababu ya penisilini, na wengi hudhani kuwa hiyo ndiyo kazi yake pekee. Sisi twaona kuwa habari yake haieleweki vema bila ya kuanzia kwenye ute, na kabla ya ute, kwenye majeraha ya askari.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, nchini Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyeoa mara ya pili katika utu uzima wake, akafariki Alexander akiwa na umri wa miaka 7 tu. Alipofikia miaka 13 kijana alihamia London kwa ndugu zake, akasoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Kazi hiyo haikumpendeza. Mwaka 1901 alirithi fedha kutoka kwa mjomba mmoja wa ukoo wake, na kwa fedha hizo akaingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, Paddington.

Wakati huo tayari alikuwa askari. Mwaka 1900, vita vya Makaburu vilipokuwa vinaendelea Afrika ya Kusini, Fleming na ndugu zake walijiandikisha katika kikosi cha kujitolea cha London Scottish. Hakupelekwa vitani, lakini alibaki kikosini hadi mwaka 1914, na muda wote huo hakupanda cheo; alikuwa askari wa kawaida. Alikuwa hodari wa kulenga shabaha. Uhodari huo ndio uliobadili maisha yake, kwani alipofaulu udaktari mwaka 1906 alikuwa amekusudia kuwa mpasuaji, na angeiacha St Mary's. Nahodha wa klabu ya bunduki ya hospitali hakutaka kumpoteza mlengaji wake bora, basi akamtafutia nafasi katika maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Fleming aliingia maabara hiyo kwa ajili ya bunduki, akakaa St Mary's karibu maisha yake yote.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, ambako jumba la kamari lilikuwa limegeuzwa hospitali. Fleming alitumikia katika kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, akafikia cheo cha kapteni. Mapambano yalikuwa yakifanyika katika mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi. Kipande cha kombora kilipomwingia askari kiliingia na udongo pamoja na vitambaa vya sare yake, na katika vitambaa hivyo Fleming alivikuta vijidudu vya pepopunda na vya kuozesha nyama. Wanajeshi waliookoka risasi walikufa kwa usaha.

Tiba ya siku hizo ilikuwa kumimina dawa kali za kuua vijidudu ndani ya kidonda. Fleming alishuku tiba hiyo, akaijaribu kwa njia ambayo sisi twaiona kuwa ya werevu mkubwa. Alichukua neli ya kioo, akaipasha moto na kuvuta kuta zake hadi zikatokeza miiba yenye uwazi ndani, mfano wa vipenyo vya jeraha lililochanwa na chuma. Akaijaza majimaji yenye vijidudu, akayamwaga, akatia dawa, akaimwaga dawa na kutia majimaji safi. Vijidudu vikaota upya kila mara, kwa maana vilijificha katika ncha za miiba ambamo dawa haikufika. Aidha alionyesha kuwa dawa hizo ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, upesi kuliko zilivyoviua vijidudu vyenyewe. Yeye na Wright walishauri jeraha lisafishwe, nyama iliyokufa iondolewe, na maji safi ya chumvi yatumiwe. Madaktari wengi wa ngazi za juu hawakusikiliza, na dawa kali ziliendelea kumiminwa.

Tangu hapo Fleming alikuwa anatafuta kitu kimoja: kile ambacho kitaua kijidudu kisimdhuru mwenye mwili.

Mwezi wa Novemba 1921 alishikwa na mafua. Akachukua kamasi yake mwenyewe na kuipandikiza katika sahani ya kuoteshea vijidudu. Baada ya siku kadhaa aliona kuwa vijidudu vya rangi ya manjano vilivyotapakaa sahanini vilikuwa vimeyeyuka karibu na kamasi. Alijaribu tena kwa vijidudu vilivyokorogwa majini: maji yaliyokuwa meupe kama maziwa yakawa maangavu kwa muda mfupi. Yeye na msaidizi wake, V. D. Allison, wakaanza kupima kila kitu. Machozi yalikuwa na nguvu hiyo, wakawa wanajikamulia maganda ya limau machoni ili wayapate, na wageni nao hawakusalimika. Mate yalikuwa nayo, maziwa ya mama yalikuwa nayo, na ute wa yai ulikuwa nayo kupita vyote. Hapa lugha yetu yatusaidia, maana huita ute kitu kile kilichomo ndani ya yai na kile kilicho juu ya samaki, na kwa jambo hili vinafanana kweli.

Kitu hicho kilipewa jina la lisozimi, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1922. Kazi yake ni hii: kijidudu kina ukuta unaokizunguka, na lisozimi hukata nyuzi za ukuta huo, maji huingia ndani, kijidudu huvimba na kupasuka. Wataalamu waliofuata waliikuta katika ute wa ngozi ya samaki wengi, kama vile trauti, pamoja na vitu vingine vya kinga vifanyavyo kazi bega kwa bega nayo. Ndiyo sababu samaki aliyeparuzwa ute kwa mikono mikavu au kwa wavu mgumu, kisha akarudishwa majini, huweza kuota ukungu na vidonda.

Hata hivyo lisozimi ilikuwa na upungufu mkubwa, na Fleming aliuona. Vijidudu ilivyoviyeyusha kwa wepesi vilikuwa hasa vile visivyodhuru. Twaweza kusema kuwa hiyo ni haki yake: kijidudu kinachoweza kutuugua ni kile kilichokwisha kujua kupita kizuizi hicho. Alipoieleza habari hiyo mbele ya madaktari wenzake mwezi wa Desemba 1921, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Fleming hakuwa msemaji. Alizungumza kwa sauti ya chini na kwa maneno machache.

Lakini jicho lake lilikwisha kufundishwa. Mwezi wa Septemba 1928, aliporudi likizoni, alikuta ukungu umeota katika sahani moja, na vijidudu vya usaha vilivyouzunguka vimeyeyuka. Mtu mwingine angeiosha sahani ile. Yeye alikuwa ameona kuyeyuka kama huko miaka saba nyuma. Aliichapisha habari ya penisilini mwaka 1929. Wasikilizaji wakanyamaza tena, na kwa kuwa dawa ile iliharibika upesi na ilikuwa vigumu kuitakasa, hatimaye akaiacha.

Waliookota kazi hiyo walikuwa Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, wote wakiwa Oxford. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba Florey alikuwa akichunguza ute wa mwili, na kwa njia hiyo alikuwa akishughulika na lisozimi tangu mwaka 1929. Chain alipokuwa akisoma maandishi ya zamani juu ya vitu viyeyushavyo vijidudu, ndipo alipoikuta taarifa ya Fleming juu ya ukungu.

Mgonjwa wa kwanza waliyejaribu kumponya kwa dawa hiyo alikuwa polisi, Konstebo Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kuwa alichomwa na mwiba wa waridi. Jamaa zake baadaye walieleza kuwa alijeruhiwa kazini katika shambulio la mabomu mjini Southampton. Usaha ulikuwa umemwenea kichwani na mapafuni, na jicho moja lilikwisha kung'olewa. Alianza kudungwa sindano tarehe 12 Februari 1941. Homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa ili penisilini iliyomo itolewe na kutumiwa tena. Siku ya tano ikaisha kabisa. Konstebo alifariki tarehe 15 Machi 1941, si kwa kuwa dawa ilishindwa, bali kwa kuwa haikutosha.

Viwanda vya Marekani na Uingereza viliongeza kasi. Mwaka 1943 Florey mwenyewe alikwenda Afrika ya Kaskazini kuwatibu majeruhi, na majeshi yaliposhuka Normandy mwezi wa Juni 1944 dawa ilikuwako kwa wingi. Fleming alipewa heshima ya Sir mwaka huo, na mwaka 1945 akagawana Tuzo ya Nobel na Florey na Chain. Magazeti yalimpa yeye sifa karibu zote, na kwa maoni yetu hayo hayakuwa haki kwa watu wa Oxford. Katika hotuba yake ya tuzo alionya kuwa atumiaye penisilini kidogo mno hufundisha vijidudu kuistahimili. Usugu huo sasa umo katika hospitali za dunia nzima.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yamewekwa katika kanisa kuu la St Paul's, London.

Utafiti wa ute haukufa naye. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kuwa wametoa katika ute wa ngozi ya samaki bapa wa bahari ya Atlantiki protini fupi sana, waliyoiita pleurosidini, ambayo hutoboa utando wa vijidudu. Mwaka 2021 wengine walionyesha kuwa ganda la ute ambalo kamongo wa Afrika Magharibi hujifunika katika tope wakati wa kiangazi lina chembe hai za kinga, zinazonasa vijidudu kama wavu. Pleurosidini bado haijawa dawa ya hospitali. Vitu vya namna hiyo huvunjwa upesi mwilini, na vingine hudhuru chembe za damu, yaani swali ni lile lile aliloanza nalo kapteni yule kule Boulogne.