Charlotte Mason na Wazazi Waliofundisha Nyumbani

Mwanachuo wa ualimu husoma habari za Pestalozzi, Froebel na Montessori, na huenda akadhani kwamba historia ya ufundishaji ni historia ya madarasa. Katika makala hii tunakusudia kueleza maisha ya mwalimu aliyeelekeza sehemu kubwa ya kazi yake mahali pasipo na darasa, yaani nyumbani kwa mtoto. Huyo ni Charlotte Mason wa Uingereza. Hakuolewa, wala hakupata mtoto wake mwenyewe. Hata hivyo aliwatetea wazazi waliofundisha nyumbani, akawapa zana za kazi hiyo.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1842. Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Mwaka 1860 aliingia katika chuo cha ualimu cha Home and Colonial mjini London, kilichofuata mawazo ya Pestalozzi. Mwaka uliofuata alianza kufundisha katika shule ya watoto wadogo mjini Worthing, akadumu huko zaidi ya miaka kumi. Kuanzia mwaka 1874 hadi 1878 alikuwa mkufunzi katika Chuo cha Bishop Otter mjini Chichester, akiwaandaa wasichana kuwa walimu. Baadaye alihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu, akawa anaandika vitabu vya jiografia.

Wakati huo sheria za elimu za Uingereza zilikuwa zikibadilika haraka. Sheria ya mwaka 1876 ilimpa mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto wake anafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Ile ya mwaka 1880 ikalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kuhudhuria shule. Pamoja na hayo, familia nyingi zenye uwezo ziliendelea kuwafundisha watoto nyumbani, ama mama mwenyewe, ama mwalimu wa kike aliyeajiriwa kukaa na familia. Wengi wa mama na walimu hao hawakuwa wamepata mafunzo yoyote. Hawakuwa na muhtasari wa masomo wala mtu wa kuwaonyesha kama mtoto anaendelea au amekwama.

Mwalimu aliyesomea kazi angeweza kuwadharau watu hao na kuwataka wawaachie wenye ujuzi. Mason hakufanya hivyo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1885 na 1886 aliwahutubia akina mama wa Bradford juu ya malezi na mafunzo ya watoto, na hotuba zake zikatolewa kuwa kitabu mwaka 1886. Mwaka 1887 alishirikiana na wenzake, miongoni mwao Emeline Steinthal, kuanzisha umoja wa wazazi kwa ajili ya elimu, ambao baadaye ulienea nchini. Mwaka 1890 umoja huo ulipata jarida lake, naye Mason akawa mhariri.

Mwaka 1891 alianzisha shule kwa njia ya posta. Kila muhula familia ilipelekewa azimio la kazi lenye vitabu vya kusomwa na kurasa zake. Mwishoni mwa muhula yalikuja maswali ya mtihani, na majibu yakarudishwa kusahihishwa. Mtoto mdogo asiyejua kuandika vema alijibu kwa mdomo, na mkubwa wake akaandika maneno yale kama yalivyotamkwa. Kwa njia hiyo hata familia za Waingereza zilizoishi ng'ambo, mbali na shule yoyote waliyoitaka, ziliweza kufuata masomo yale yale.

Mwaka 1892 alifungua chuo huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, kikiwa na wanachuo wanne tu. Kiliwafunza wale waliotaka kufundisha katika nyumba za watu. Walikuwa na shule ya mazoezi, na masomo yao ya mfano yalichambuliwa mbele ya wenzao, kama tufanyavyo nasi vyuoni.

Mbinu aliyoisisitiza zaidi ni usimulizi. Mwalimu huanza kwa maneno machache ya utangulizi, kisha husoma kifungu kimoja cha kitabu kizuri mara moja tu. Baada ya hapo mtoto husimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, bila kukatizwa. Masahihisho na mazungumzo hufuata akishamaliza. Kwa kuwa mtoto anajua kwamba hapatakuwa na kusomewa mara ya pili, husikiliza kwa makini. Na kwa kuwa lazima asimulie, hulazimika kuyapanga mambo na kuchagua lililo kubwa na lililo dogo. Mama asiye na cheti aliweza kuitumia mbinu hiyo sawasawa na mwalimu mzoefu. Tena Mason alitaka vipindi vya watoto wadogo visizidi dakika 20, na kila mtoto awe na daftari la kuchora mimea na viumbe alivyovikuta nje.

Yatupasa pia kusema upungufu wa kazi hiyo. Vitabu viligharimu fedha, na mama mwenye kushinda kiwandani hakuwa na saa za kufundisha. Kwa muda mrefu waliofaidika walikuwa wenye nafasi. Mason alishikilia kwamba akili ya mtoto wa maskini ina njaa ile ile ya maarifa, lakini jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa kwa vitendo. Mwaka 1914, kwa juhudi za Steinthal, shule ya msingi ya Drighlington, katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, ilianza kutumia vitabu na usimulizi. Watoto wa wachimba migodi wakasimulia vizuri, na shule nyingine za serikali zikafuata. Mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumbani ikawa imeingia darasani. Mason alifariki huko Ambleside tarehe 16 Januari 1923.

Je, mwalimu wa shule ya msingi apate nini katika maisha haya? Sheria juu ya elimu ya nyumbani hutofautiana nchi hadi nchi, na wengi wenu mtafundisha madarasani. Lakini kila mtoto atakayeketi mbele yenu atakuwa amekwisha kufundishwa na mtu kabla yenu. Tunaona kwamba Mason aliwapa wazazi mambo manne: azimio la kazi lililo wazi, mbinu nyepesi, kipimo cha haki, na wenzao wa kushauriana nao. Hakuwanyang'anya kazi yao, wala hakuwaacha peke yao.

Basi mzazi ajapo shuleni kuuliza amsaidieje mwanawe, haitoshi kumwambia anunue daftari. Mpeni hadithi moja fupi, mwelezeni namna ya kuisoma mara moja na kumwacha mtoto asimulie bila kumkatiza. Kisha mwombeni arudi baada ya juma moja aeleze mtoto alisema nini. Akirudi, msikilizeni kama mnavyomsikiliza mwalimu mwenzenu.