Dakta Pope na kigumba cha makali mawili

Mshale hauui kama risasi. Risasi humwangusha mnyama kwa kishindo chake, lakini mshale hukata tu. Neno hili dogo ndilo lililomshughulisha kwa miaka kumi na minne daktari mmoja mpasuaji wa Marekani, marehemu Saxton Pope, na ndilo lililonifanya nikusudie kuwasimulia wasomaji maisha yake. Huko kwao wapenzi wa uta wa mbao wamlitaja mpaka leo. Huku kwetu hajulikani sana, ingawa aliwahi kuikanyaga ardhi ya Afrika Mashariki akiwa na podo begani.

Pope alizaliwa mwaka 1875 huko Fort Stockton, katika jimbo la Texas. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, naye mwana akafuata nyayo za babaye. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1899, akatibu wagonjwa kwa miaka kadha katika mji mdogo wa Watsonville, na mwaka 1912 akaitwa kufundisha upasuaji San Francisco. Lau angalibaki na visu vyake vya hospitali, nadhani sisi tusingalikuwa na habari naye. Lakini karibu na hospitali ile palikuwa na nyumba ya makumbusho, na ndani yake aliishi mtu aliyeitwa Ishi.

Kisa cha Ishi ni cha kutia simanzi. Yeye alikuwa wa kabila la Wayahi, wenyeji wa milima na mabonde ya kaskazini ya California. Baada ya dhahabu kuvumbuliwa huko mwaka 1848, wageni walimiminika kama nzige, na Wayahi wakawindwa kwa bunduki mpaka wakabaki wachache tu. Hao wachache walijificha makorongoni miaka mingi, wakitembea juu ya mawe ili wasiache nyayo. Mwaka 1908 wapimaji wa ardhi waliifumania kambi yao ya mwisho, na jamaa wakatawanyika. Tarehe 29 Agosti, 1911, Ishi alionekana peke yake penye machinjio nje ya mji wa Oroville, amekonda kwa njaa, nywele zake zimechomwa kwa ajili ya matanga. Wataalamu wa chuo kikuu, Alfred Kroeber na T. T. Waterman, walimchukua wakampa makao San Francisco. Ishi si jina lake. Ni neno la lugha yao lenye maana ya mtu. Jina lake la kweli hakumtajia yeyote, kwani si desturi ya watu wake mtu kujitaja mwenyewe.

Dakta Pope aliitwa amtibu, kwa kuwa kifua chake kilikuwa dhaifu. Pope akawa daktari, na katika jambo jingine akawa mwanafunzi. Ishi alimwonyesha namna ya kuchonga uta, kusuka upote kwa mishipa ya mnyama, kunyoosha wano juu ya moto, na kumega jiwe jeusi la volkano, ling'aalo kama kioo, mpaka likawa kigumba. Alipokosa jiwe alitumia chupa. Katika kuwinda, Ishi hakutegemea nguvu za mkono. Kabla ya kwenda porini hakuvuta tumbaku wala hakula samaki, na alfajiri alioga mtoni ili mnyama asipate harufu yake. Alijua kumwita sungura kwa sauti ya midomo hata akamjia karibu. Mwezi Mei 1914 Ishi, Pope na wenzao walirudi katika mabonde yale ya Wayahi, na huko daktari aliona kwa macho yake jinsi elimu hiyo ilivyotumika mahali ilikozaliwa.

Urafiki huo haukudumu. Ishi alishikwa na kifua kikuu, akafariki tarehe 25 Machi, 1916. Pope na wenzake walimwekea katika sanduku lake uta mmoja, mishale mitano, unga wa mbegu za mwaloni na ushanga wa kombe, vikachomwa pamoja naye, maana waliambiwa Wayahi huchoma maiti zao. Lakini kabla ya hapo maiti yake ilipasuliwa hospitalini. Kroeber, aliyekuwa safarini New York, alikuwa ameandika barua kukataza jambo hilo, na barua ilichelewa. Ubongo wa Ishi ulitolewa, na mwaka uliofuata Kroeber huyo huyo akaupeleka katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Pope ndiye aliyeandika taarifa ya maradhi ya rafiki yake, pamoja na yaliyoonekana katika upasuaji huo. Mimi nikiisoma habari hiyo nashindwa kuyapatanisha mambo mawili, yule aliyetia mishale sandukuni kwa mapenzi na ile hospitali yake isiyoweza kuiacha maiti ipumzike.

Baada ya hapo daktari alizama katika elimu ya mishale. Alijifunza uta mrefu wa Kiingereza kwa rafiki yake Will Compton, na mwandani wake wa mawindo akawa Arthur Young. Alikusanya nyuta za mataifa mbalimbali, akazipima kila moja nguvu zake na mwendo wa mshale wake, na matokeo yake yakachapishwa na chuo kikuu mwaka 1923. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake cha kuwinda kwa uta na mshale, ambacho kimekuwa chuo cha wawindaji wa namna hiyo tangu siku zile.

Hapo ndipo tunapofikia suala la kigumba. Pope aliona kwamba jiwe la Ishi lilikata nyama vizuri kuliko chuma, lakini huvunjika likigonga mfupa au mwamba. Basi yeye alichagua bapa moja la chuma cha pua, lenye urefu wa kama inchi 3 na upana uliozidi kidogo inchi 1, lenye makali mawili yanayokutana penye ncha. Bapa hilo lilishikizwa kwa lehemu katika mrija mfupi, na mrija ukavishwa kichwani mwa wano.

Kwa nini makali mawili, na siku hizi madukani kuna vigumba vya makali matatu na manne? Wauzaji husema makali mengi hufungua jeraha kubwa, na hilo ni kweli. Lakini kila ukali unaoongezwa hula nguvu ya mshale, na uta wa mbao hauna nguvu ya kupoteza. Bapa jembamba la makali mawili huingia kwa wepesi, na likikutana na ubavu huupasua likapita. Tena hunoleka kwa urahisi, kwa tupa na jiwe la kunolea, kama mtu anavyonoa kisu cha jikoni. Aibu yake ni kwamba jeraha lake ni mpasuko mmoja, ambao mara nyingine hujifunga na kuacha damu kidogo ya kufuatia nyayo. Na bapa likiwa pana mno huwa kama bawa, upepo ukalishika na mshale ukaenda kombo. Kwa hiyo mchaguzi hodari hutafuta bapa refu kuliko upana wake, hulitia sawasawa na wano, na nyuma huweka manyoya makubwa ya kuliongoza. Kisha huuzungusha mshale vidoleni. Ncha ikiyumba, haufai kwa mnyama.

Watu wa pwani watauliza mbona vigumba vya wawindaji wa bara yetu ni vidogo. Nami nilipokuwa kijana niliwaona wazee wa Kigiriama wakiwa na mishale ambayo kigumba chake hakikufikia upana wa kidole. Sababu ni kwamba wawindaji wa Kigiriama, Kikamba na Kiwaata walitegemea sumu iliyopikwa kwa miti. Kazi ya kigumba ilikuwa kuifikisha sumu ndani ya damu tu, na sumu ikamaliza. Ishi na Pope hawakutumia sumu, kwa hiyo kazi yote ilikuwa juu ya ukali. Kigumba butu mkononi mwao kilikuwa ni dhuluma, kwani mnyama angekwenda nalo jeraha akafe siku ya tatu, asiliwe na mtu.

Na kwetu sisi Waislamu hili si jambo geni. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfunza kwamba mnyama aliyepigwa kwa ukali wa mshale huliwa, na aliyekufa kwa kupigwa na ubavu wake haliwi, kwa kuwa huyo amekufa kwa kipigo. Tena tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama anapochinjwa. Dakta Pope hakuyasoma hayo, ila kazi yake ya upasuaji ilimfikisha karibu nayo. Alijua kwamba jeraha la wembe ni safi na damu yake hutoka upesi, na jeraha la kitu butu huchana na kutesa.

Ajuaye kukata nyama si lazima ajue kutoboa chuma, na hilo Pope alilipima pia. Aliazima kutoka makumbusho deraya ya pete za chuma iliyofumwa Dameski zama za kale, yenye uzito wa ratili 25. Mtumishi mmoja wa pale alijitolea aivae apigwe mshale, kwa jinsi alivyoiamini. Daktari alikataa, akaivisha juu ya sanduku la mbao. Kwa kazi hiyo hakutumia bapa pana. Alitia ncha nyembamba kama msumari, akasimama yadi 7, akavuta uta wa ratili 75. Cheche ziliruka, na mshale ukapenya deraya na ubao pia. Uso wa yule mtumishi ulibadilika rangi. Nami naona somo lake ni wazi, kwamba kila kazi ina ncha yake.

Mwaka 1920 Pope na Young walikwenda Yellowstone, kwa idhini maalumu, kuwapatia wataalamu wa makumbusho ya San Francisco dubu wakubwa wa milimani, na wakawaua kwa mishale. Sifa zao zikaenea. Mwaka 1925 walisafiri na mwandishi Stewart Edward White mpaka Tanganyika, kuwawinda simba. Simba walipigwa mishale, na wako waliokufa kwayo. Lakini simba aliyejeruhiwa hangojei damu yake iishe ndipo arudi kwa adui. Mara kwa mara bunduki za wenzao ndizo zilizomzuia, na Pope hakulificha jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata. Ukali wa kigumba haukubadilika, ila muda ambao kulungu humpa mwindaji, simba hampi.

Hiyo ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho. Tarehe 8 Agosti, 1926, Dakta Saxton Pope alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka 1961 wawindaji wa Marekani walianzisha chama, wakakiita kwa majina ya Pope na Young, na chama hicho kingali kipo. Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo simsimulii mtu yeyote apate kuchukua uta kesho.

Iliyosalia ni habari ya Ishi. Ubongo wake ulikaa ndani ya chombo kule Washington kwa zaidi ya miaka themanini, na wengi waliamini umepotea. Mwaka 1999 mahali ulipo ulijulikana, na mwaka 2000 ulikabidhiwa watu wa makabila ya kaskazini ya California walio jamaa zake wa karibu. Ukaunganishwa na majivu yake, ukazikwa mahali pasipotangazwa, katika nchi yake.

Chama kina jina la daktari, na vigumba vya makali mawili vyauzwa kwa majina ya watengenezaji wake. Mwalimu wa mwanzo hana jina, kwa kuwa alikataa kulitoa. Mimi naona ni haki anayenoa bapa la mshale ajue elimu hiyo ilipita mikononi mwa nani, na kwamba kabila lililoilinda lilimalizwa kwa bunduki. Heshima aliyostahili Ishi ni ile aliyomfanyia kila mnyama wake, yaani kukata mara moja, kisha kuacha mwili upumzike. Wenye elimu walichukua miaka 84 kumtimizia.