Irving Langmuir na Balbu Iliyoingia Weusi

Umewahi kuitazama balbu ya zamani, ile ya waya mwembamba? Kioo huingia weusi kwa ndani. Mimi niliiona jikoni kwa nyanya nikadhani ni moshi wa kuni. Lakini moshi ungepitia wapi? Swali hilo la weusi ndilo lililomshughulisha Irving Langmuir.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1881 huko Brooklyn, New York, nchini Marekani. Macho yake yalikuwa mabovu, na hakupata miwani hadi alipokuwa na miaka 11. Mimi pia navaa miwani, kwa hivyo namwelewa sana hapo. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, kisha Göttingen, Ujerumani, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1906. Mwaka 1909 akajiunga na maabara ya General Electric mjini Schenectady.

Balbu za wakati huo zilinyonywa hewa yote, na wengi waliamini kuwa dawa ya weusi ni kuzinyonya zaidi. Langmuir akafanya kinyume! Alitia gesi makusudi, moja baada ya nyingine, aone zitaharibu nini. Kumbe mkosaji alikuwa waya wenyewe: tungsteni ilikuwa ikigeuka mvuke kwa joto kali na kuganda kiooni. Basi akaijaza balbu gesi ya nitrojeni, baadaye argoni, na waya akausokota. Mvuke ukapungua, mwanga ukazidi.

Miaka ya 1920 alichunguza gesi inayopitisha umeme hadi atomi zake kuvunjika zikawa ioni na elektroni. Mwaka 1928 akaiita plazma. Kuipima alitumia waya mdogo tu uliotumbukizwa ndani yake. Mwaka 1932 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa kazi yake juu ya nyuso za vitu.

Si kwamba hakukosea. Uzeeni alijitosa katika kutengeneza mvua, akadai makubwa ambayo wataalamu wengi wa hali ya hewa waliyakataa. Alifariki tarehe 16 Agosti 1957.

Lakini tungsteni haijaachwa. Siku hizi wanasayansi wanajaribu kuunganisha viini vya atomi, jinsi jua lifanyavyo, ili wapate umeme. Ukuta wa mtambo huo utapigwa na plazma kali, utastahimili? Huko Oak Ridge, Tennessee, ulijengwa mtambo wa majaribio uitwao Proto-MPEX. Mawimbi ya redio yaliigeuza gesi kuwa plazma, nayo sumaku iliielekeza kwenye kipande cha madini. Tungsteni hupendelewa kwa kuwa haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi 3,400 za Selsiasi. Hata hivyo, chembe zake zikibanduka ukutani huingia katika plazma na kuipoza. Ndiyo maana wataalamu bado wanauliza chembe hizo hubandukaje na huenda kuganda wapi, na wanapoipima plazma hutumbukiza waya ule ule wa Langmuir.