Richard Bright: Kijiko, Mshumaa na Figo Zetu

Katika toleo hili nimeombwa niandike kuhusu mtu mashuhuri katika fani ninayosoma, nami nimemchagua Dk. Richard Bright, daktari wa Kiingereza. Huenda wengi wenu hamjamsikia, lakini kila anayepimwa protini kwenye mkojo anafuata njia aliyoifungua yeye.

Bright alizaliwa Bristol mwaka 1789, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Hapa tuseme ukweli: ukoo wao ulifanya biashara na Jamaika, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo sehemu ya jasho lililomsomesha ni la ndugu zetu. Mimi simsusi kwa hilo, ila naona tuna haki ya kudai elimu ile itufae na sisi.

Alisomea udaktari Edinburgh. Jamaa alipenda kusafiri, si mchezo! Mwaka 1810 alikwenda Iceland na msafara wa uchunguzi akiangalia mimea na wanyama, na mwaka 1818 alichapisha kitabu cha safari zake za Hungaria chenye picha alizochora mwenyewe. Jicho hilo la mchoraji lilimfaa sana baadaye. Mwaka 1820 aliajiriwa hospitali ya Guy's, London, akafanya kazi pamoja na Thomas Addison na Thomas Hodgkin, ambao nao majina yao yamebaki kwenye magonjwa.

Siku zile mtu akivimba miguu, uso na tumbo, madaktari waliuita ugonjwa wa maji, basi. Bright aliweka mkojo wa mgonjwa kwenye kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa. Ukiganda mfano wa ute wa yai, kuna albumini, ambayo ni protini ya damu. Wapo waliowahi kuliona hilo kabla yake. Yeye alimfuata mgonjwa mpaka mwisho: akifariki, maiti ilipasuliwa na figo zikatazamwa. Kumbe zilikuwa zimeharibika! Mwaka 1827 alichapisha matokeo yake, akiunganisha uvimbe, albumini na figo mbovu. Kwa miaka mingi maradhi hayo yaliitwa ugonjwa wa Bright. Mwaka 1842 alitengewa wodi mbili na maabara kwa ajili ya wagonjwa wa figo tu. Alifariki London mwaka 1858, kwa maradhi ya moyo.

Sasa kisukari kinaingiaje? Mwaka 1936 huko Boston, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu ya aina yake ndani ya vichujio vya figo vya wagonjwa wa kisukari. Baadaye Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya ukuaji. Hizi ni protini zinazobeba ujumbe. Juu ya seli kuna vipokezi, mfano wa kufuli, na kichocheo ndiyo funguo yake. Kikishika, seli inaamriwa ikue, igawanyike au itengeneze nyuzi za kuziba jeraha. Ni kazi njema. Taabu ni kwamba sukari ikizidi damuni miaka nenda miaka rudi, vichocheo hivi vinazidi na vipokezi vinaamshwa bila kupumzika. Vichujio vinatanuka, vinavujisha albumini, mwisho vinajaa makovu. Ndiyo ile albumini aliyoiona Bright kwenye kijiko.

Jambo hili linanigusa. Mjomba wangu aliishi na kisukari miaka mingi, akipimwa sukari tu, mkojo hakuna aliyeuuliza. Alipoanza kuvimba miguu, figo zilikuwa zimekwisha, na ukoo mzima ukawa unachangia gharama za mashine ya kusafisha damu. Uvimbe huja umechelewa. Albumini hutangulia, na hapo ndipo dawa za presha zinazolinda figo na kudhibiti sukari huweza kupunguza kasi ya ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkipiga simu nyumbani msiishie kuuliza sukari ya mzee iko ngapi. Ulizeni pia mkojo wake ulipimwa albumini lini. Kwa mwenye kisukari, kipimo hicho hufanywa angalau mara moja kwa mwaka. Na sisi wenyewe huku tunaokesha na vitabu, chipsi na soda, tusijisahau.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaliwa.