Tammi Terrell: Aliingia kama mbadala, akaacha pengo

Ukiskia 'Ain't No Mountain High Enough' kwa matatu ama kwa harusi, si unawaona wawili wamesimama kwa maiki moja, macho kwa macho? Basi jua hivi: Tammi Terrell aliingia studio akaimba peke yake. Marvin Gaye alikuja baadaye akaweka sauti yake. Na bado ukisikiliza utaapa walikuwa wameshikana mikono.

Tammi alizaliwa Philadelphia, Marekani, Aprili 29, 1945, jina lake Thomasina Montgomery. Akiwa tineja tayari alikuwa anarekodi. Akazunguka na bendi ya James Brown, lakini mapenzi yao yakageuka kichapo. Akatoka. Mwaka wa 1965 akasainiwa na Motown kule Detroit.

Sasa fikiria presha. Marvin alikuwa ameshaimba na Mary Wells, kisha Kim Weston, na ile 'It Takes Two' aliyofanya na Kim ilikuwa imebamba. Kim alipoondoka Motown, Tammi ndiye aliyepewa nafasi. Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungeiga aliyetangulia. Tammi hakuiga mtu. Marvin alikuwa muoga wa jukwaa, yeye jukwaa lilikuwa nyumbani. Alimchokoza, akacheka naye, akamtoa kwa ganda. Watu wakadhani ni wapenzi, kumbe ni marafiki tu, na Marvin alikuwa na mke.

Halafu ikaja Oktoba 14, 1967. Wakiwa kwa shoo katika chuo cha Hampden-Sydney, Virginia, Tammi alianguka mikononi mwa Marvin. Madaktari wakapata uvimbe kwa ubongo. Alipasuliwa mara kadhaa, na katikati ya mateso hayo alirudi studio.

Mwaka wa 1969 ikatoka albamu yao ya tatu, 'Easy'. Hapo ndipo kuna utata hadi leo. Baadaye Marvin alidai kwamba nyingi ya sauti zile ni za mtunzi Valerie Simpson, eti Tammi alikuwa amelemewa. Valerie alikana. Ukweli uwe upi, swali lenyewe linauma: unaweza kumwazima mtu sauti yake akiwa bado hai?

Tammi alifariki Machi 16, 1970, akiwa na miaka 24 pekee. Marvin alivunjika, akakaa mbali na jukwaa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1973 alitoa albamu na Diana Ross, staa mkubwa kuliko Tammi kwa kila kipimo. Nyimbo ni tamu, sikatai. Lakini sikiliza zote mbili leo usiku, earphone masikioni, uniambie ni wapi unasikia watu wawili wanaoaminiana.

Kwa hivyo ukipewa kiti cha mtu aliyependwa, kwa kazi, kwa bendi, popote, mkumbuke huyu dada. Naye pia alianza kama mbadala.