Olivier Messiaen, mtu aliyeandika sauti ya ndege



Saa kumi na moja ya asubuhi, wakati ekipi ya usiku ingali chini ya shimo na mama anawasha makala, kuko ndege moja yenye kuimba ku lupangu. Wengi tunaijua kwa macho: kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, kifua rangi ya machungwa. Inajificha ndani ya majani, chini ya muembe. Inaanza polepole, kisha sauti inapanda, inapanda, mpaka inaamsha nyumba yote. Kila kabila iko na jina lake. Wafaransa wanaiita cossyphe d'Heuglin.

Leo tunataka kuwaelezea maisha ya Mfaransa mmoja aliyeichukua sauti ya ndege hii ya kwetu, akaitia ndani ya muziki wa jangwa la Marekani. Jina lake ni Olivier Messiaen.

UTOTO WAKE

Alizaliwa ku Avignon tarehe 10 desemba 1908. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mama yake alikuwa anatunga mashairi. Vita ya 1914 ilipoanza, baba akaenda jeshini, mama akabaki na watoto ku Grenoble, karibu ya milima. Njo kule mtoto alianza kupiga piano, yeye peke yake, bila kufundishwa. Vita ikaisha, na mwaka 1919 akaingia Conservatoire ya Paris, yale masomo makubwa ya muziki. Alikuwa hajamaliza hata miaka 11.

Akingali kijana, wakati wa mapumziko alikuwa anaenda ku mashamba ya jamaa zake, sehemu ya Aube. Huko akachukua penseli na kijitabu, akaanza kuandika sauti za ndege, sawa vile mtu anaandika wimbo wa kanisa. Majina ya zile ndege hakuyajua bado. Alisikia tu, akaandika.

Mwaka 1931 akapewa kazi ya kupiga kinanda kikubwa cha kanisa la Trinité, ku Paris. Alikuwa na miaka 22. Kazi ile hakuiacha mpaka kufa: miaka zaidi ya 60 ku kinanda kimoja. Sisi wenye kuhesabu miaka ya kazi ya mtu mbele ya kumpa medali, tunajua uzito wake.

NDANI YA KIFUNGO

Vita ya pili ikamkuta. Macho yake yalikuwa mabaya, basi akawekwa ku kazi ya kusaidia wagonjwa wa jeshi. Ku Verdun alikuwa pamoja na mpiga selo mmoja, Étienne Pasquier. Wote wawili walikuwa wanangojea mapambazuko ili wasikie namna ndege moja inaita, nyingine inajibu, kisha zote zinaanza pamoja. Watu wengine walikuwa wanasikiliza mizinga, yeye alikuwa anasikiliza ndege.

Katikati ya mwaka 1940 Wajerumani wakawashika. Wakapelekwa ku kambi ya wafungwa Stalag VIII A, ku Görlitz. Chakula kidogo, baridi ya kuua, wafungwa maelfu. Kulikuwa na mpiga klarineti pia, Henri Akoka, na Messiaen alikuwa amemwandikia kipande cha klarineti peke yake, hakuna chombo kingine cha kuisindikiza. Jina lake kwa Kifaransa ni Abîme des oiseaux. Sisi tungesema: shimo refu lenye ndege ndani. Sauti moja inashuka gizani, pole sana, mpaka mtu anafikiri itazimika. Kisha ghafula, ndege zinaanza kucheza mule mule ndani ya giza. Mtu mwenye kushuka chini ya udongo kila siku hana lazima ya mwalimu kumfasiria ile kipande.

Mjerumani mmoja wa ile kambi akamtafutia karatasi na penseli, akaendelea kuandika. Tarehe 15 januari 1941, ndani ya nyumba ya mbao, watu wane wakapiga kazi yote mbele ya wafungwa: violoni, selo, klarineti na piano mbovu. Ile kazi, Quatuor pour la fin du Temps, inapigwa mpaka leo ku dunia yote. Ilitoka mahali ambapo watu walikuwa wanahesabu vipande vya mkate.

KUJIFUNZA TENA, MTU MZIMA

Mwaka 1941 akafunguliwa, akapata kazi ya kufundisha ku Conservatoire. Lakini nyumbani mzigo ulikuwa unamngojea. Bibi yake Claire Delbos, mpiga violoni, alifanyiwa operesheni, nyuma yake akaanza kupoteza ukumbusho. Akawekwa ku nyumba ya wagonjwa, na hakupona. Alikufa mwaka 1959. Baba akabaki na mtoto wao Pascal. Na ku magazeti ya Paris, watu wengi walikuwa wanachekelea muziki wake.

Njo ile miaka alirudi ku ndege kwa nguvu yote. Na alirudi namna gani? Kama mwanafunzi. Alikuwa profesa, jina lake lilikuwa limefika ng'ambo, lakini mwaka 1952 alimwendea mzee Jacques Delamain, mwenye kujua ndege sana, ili amfundishe kutofautisha sauti moja na nyingine bila kuona manyoya. Mkubwa akakubali kuanza chini. Hiyo, wandugu, si jambo la kila siku.

Kazi yake ilikuwa hivi: kuamka mbele ya jua, kukaa ndani ya majani na kijitabu, kusikia, kuandika mbio. Lakini ndege inaimba haraka sana na juu sana, vyombo vya watu haviwezi. Basi alikuwa anapunguza mbio, anashusha sauti chini, anapanua nafasi katikati ya noti, sawa vile mtu anakuza picha ndogo ili ionekane. Kutoka 1956 mpaka 1958 akaandika Catalogue d'oiseaux, vipande 13 vya piano. Kuvipiga vyote kunapita saa mbili na nusu. Mpigaji wake alikuwa Yvonne Loriod. Walioana mwaka 1961.

JANGWANI

Mwaka 1971 mama mmoja tajiri wa New York, Alice Tully, akamwomba aandike kazi juu ya sikukuu ya miaka 200 ya Marekani. Messiaen hakutaka kuandika juu ya nyumba ndefu za mji. Akatafuta ndani ya vitabu mahali penye kushangaza kuliko pote, akapata picha za Utah. Mwaka 1972 yeye na Yvonne wakafunga safari, wakatembea kwa miguu ku Cedar Breaks, Bryce Canyon na Zion: inchi kavu, mawe mekundu na rangi ya machungwa, mabonde marefu yaliyochimbwa na maji na hewa, bila mkono wa mtu. Na ndani ya ule ukimya, ndege. Akaandika yote, sauti za ndege na rangi za mawe.

Kazi ile inaitwa Des canyons aux étoiles, na iko na vipande 12. Cha kwanza ni jangwa lenyewe. Ili kusikilisha sauti ya udongo, Messiaen akatengenezesha ngoma moja kubwa, bapa, yenye kujazwa vidonge vidogo vya madini ya risasi. Mpigaji anaizungusha polepole, vidonge vinatambaa ndani, na mtu anasikia kama mchanga unatembea chini ya miguu. Ninyi wenye kujua sauti ya mawe mbele ya kuanguka, mungeitambua.

Kipande cha tisa ni cha moqueur polyglotte, ndege ya Marekani yenye kuiga nyingine zote na kuimba hata ku malupangu ya watu. Na cha nne, piano peke yake, ni cha nani? Ni cha cossyphe d'Heuglin! Ile ndege haiishi Utah hata moja. Makao yake ni Afrika, na Katanga yetu ni ndani. Messiaen hakuona haya kuiweka karibu na ndege za jangwa la Marekani. Kwake sauti nzuri haikuwa na pasiporo. Tarehe 20 novemba 1974, ku New York, Yvonne akaipiga mbele ya watu waliolipa kiti ili waisikie.

Watu wa Utah wakashukuru kwa namna yao: mwaka 1978 mlima mmoja karibu ya Parowan ukapewa jina la Messiaen.

MWISHO WAKE

Mwaka 1983 opera yake ya Mtakatifu Fransisko, yule aliyehubiria ndege, ikachezwa Paris. Alikufa tarehe 27 aprili 1992, na miaka 83. Akazikwa karibu ya nyumba yake ya mapumziko, ku milima ile ile ya upande wa Grenoble. Jiwe la kaburi lake limechongwa umbo la ndege.

Sisi tunabaki na neno moja. Bwana huyu alivuka bahari, akafika jangwani, na kumbe moja ya zile sauti alizozibeba iko kwetu, bure, kila asubuhi. Lakini ndege ile inataka majani na kivuli. Tukikata muembe wa mwisho juu ya makala, na watoto wakipiga mawe kila chenye kuruka, itahama. Kesho, baba, ukitoka ku kazi ya usiku, mbele ya kulala, simama kidogo ku mulango. Sikiliza. Na umwite mtoto pia.