Baba Askofu Trevor Huddleston, Balozi Asiye na Serikali

Katika kijitabu cha mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Ugogo wala hakuwa askofu wetu wa Dodoma. Alikuwa Mwingereza, na dayosisi yake ilikuwa Masasi. Lakini aliyewahi kuyaona makaburi ya wapigania uhuru pale Kongwa ameona upande mmoja wa kazi aliyoifanya mzee huyu.

Trevor Huddleston alizaliwa Bedford mwaka 1913. Akiwa padri mtawa wa Kianglikana alipelekwa Johannesburg mwaka 1943, akahudumu Sophiatown, mtaa wa watu weusi. Huko alikuwa akimtembelea hospitalini kijana aliyelazwa kwa kifua kikuu, Desmond Tutu, na alimpatia tarumbeta mwanafunzi mmoja, Hugh Masekela. Februari 1955 serikali ya makaburu ilipoanza kuwahamisha wakazi kwa nguvu, padri alisimama upande wa wanaohamishwa. Shirika lake likamrudisha Uingereza. Alitii, ingawa ilimuuma sana.

Tarehe 26 Juni 1959, mjini London, alizungumza katika mkutano mmoja na Mwalimu Nyerere, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Waliwaomba Waingereza jambo dogo tu: wasinunue matunda na bidhaa nyingine za Afrika Kusini. Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tunaupenda mwanzo huo, maana haukuhitaji mtaji. Kila mama wa nyumbani aliyekwenda sokoni aliweza kushiriki. Humo ndimo lilimozaliwa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi. (Wazee wetu waliolelewa na CMS wangeguna kidogo kwa ule ubani wa ibada za kusini.) Alijifunza Kiswahili, akazunguka vijijini. Mwaka 1964 FRELIMO walianza vita ng'ambo ya Ruvuma, na wakimbizi wakavuka kuingia upande wetu. Mwaka huohuo Kongwa, kwenye mashamba ya karanga yaliyoachwa na Waingereza, ilifunguliwa kambi ya wapiganaji wa ANC, FRELIMO, SWAPO na wengineo. Wagogo waliishi nao, wakauziana nao mazao, na baadhi wakaoana nao.

Alipoondoka Masasi kiti kilikaliwa na Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Yeye akawa askofu London mashariki, kisha Mauritius, akiwa Askofu Mkuu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1981 akawa rais wa lile vuguvugu, na umri ulikuwa umekaribia miaka 70.

Mwaka 1984 P. W. Botha alialikwa Uingereza. Baba Askofu alikwenda kwa Waziri Mkuu Margaret Thatcher kumtaka aufute mwaliko. Hakufuta, Botha alikuja Juni, akapokelewa, huku maelfu wakiandamana London. Mwaka huohuo alipeleka Umoja wa Mataifa sahihi za watu waliodai Nelson Mandela aachiwe. Mandela hakuachiwa. Mhasibu angefunga hesabu za mwaka huo, angeandika hasara mstari hadi mstari. Hakuwa na jeshi, wala kura katika baraza lolote. Alichokuwa nacho ni kanzu, sauti, na tabia ya kurudi tena mlango uleule uliofungwa. Kwa maoni yetu, wakubwa walichoshwa zaidi na hilo la mwisho.

Mandela alitoka gerezani Februari 1990, na Aprili 1994 Waafrika Kusini wote wakapiga kura. Baba Askofu aliishi kuyaona hayo. Alifariki Aprili 20, 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, kwenye kanisa alikohudumu.

Mtakaokuja nyumbani Desemba, tumepanga gari la kwenda Kongwa kuyaona yale makaburi. Nauli itakayobaki baada ya mafuta itaingia mfuko wa umoja, na risiti mtapewa.